Penisilini ilikuwa chujio kabla ya kuwa dawa

Kila mwanafunzi aliyepitia somo la sayansi amewahi kusimuliwa kisa cha Alexander Fleming. Huambiwa kwamba daktari huyo Mskoti alikwenda likizoni mwaka 1928 akaacha sahani zake za maabara bila kuzisafisha, na aliporejea akakuta kuvu imeota katika sahani moja na kuwaangamiza bakteria waliokuwa kando yake. Basi dunia ikapata penisilini, na kisa kikaishia hapo. Ni hadithi tamu, na ukweli umo ndani yake. Hata hivyo, ni hadithi iliyokatwa katikati, na kipande kilichokatwa ndicho ninachokiona kuwa na funzo kubwa zaidi kwa walimu na wanafunzi wetu.

Mimi si tabibu wala mwanabiolojia. Kazi yangu ni kufundisha isimu, na mwanaisimu huwa na mazoea ya kuichunguza anwani ya maandishi kabla ya kuyasoma maandishi yenyewe. Makala ambamo Fleming aliitangaza penisilini ilichapishwa mwezi wa Juni 1929 katika jarida moja la Uingereza la patholojia. Anwani yake ina sehemu mbili. Ya kwanza yataja uwezo wa kuvu iitwayo penisiliamu wa kuwazuia bakteria. Ya pili, ambayo aghalabu huachwa nje tunaposimulia, yaeleza kuwa makala inahusu hasa matumizi ya kuvu hiyo katika kumtenga kijidudu mmoja aliyeitwa basili wa influenza. Katika anwani hiyo ndefu hamna neno dawa, wala tiba, wala mgonjwa. Ni kweli kwamba ndani ya makala mwandishi alidokeza kuwa huenda kitu hicho kikafaa kupakwa au kudungwa mahali palipoambukizwa. Lakini matumizi aliyokuwa na hakika nayo yalikuwa ya maabara. Kwa nini? Jibu limo katika maisha yake.

Fleming alizaliwa tarehe 6 Agosti 1881 katika shamba la Lochfield, karibu na mji mdogo wa Darvel kusini-magharibi mwa Uskoti. Alikuwa mtoto wa saba kati ya wanane wa mkulima aliyekuwa ameoa mara mbili, na baba huyo alifariki Alexander akiwa na umri wa miaka saba. Alikulia mashambani kama walivyokulia wengi wetu. Alipofika umri wa miaka kumi na mitatu hivi alihamia London kuishi na nduguze, akasoma kwa muda katika chuo cha ufundi, kisha akaajiriwa kuwa karani katika ofisi ya kampuni ya meli. Kazi hiyo aliifanya kwa miaka minne bila kuipenda.

Mlango ulifunguliwa na urithi. Mjomba mmoja alipofariki, kijana alipata fungu lake, na mwaka 1901 akajiunga na shule ya udaktari ya hospitali ya St Mary's jijini London. Kati ya shule zilizokuwa karibu naye aliichagua hiyo kwa sababu aliwahi kucheza dhidi ya timu yake katika mchezo wa mpira wa majini. Alifuzu mwaka 1906 kwa alama za juu, akaingia katika idara ya chanjo ya hospitali hiyo chini ya Almroth Wright, bingwa aliyevuma sana wakati huo. Hapo ndipo alipofanyia kazi karibu maisha yake yote.

Wright aliamini kwamba wakati ujao wa tiba umo katika chanjo. Idara yake ilitengeneza chanjo na kuziuza ili kujikimu. Sasa, ili mtu atengeneze chanjo ya bakteria fulani, sharti kwanza ampate bakteria huyo peke yake, asiyechanganyika na wengine. Sharti hilo laonekana dogo, kumbe ndilo lililokuwa kazi ngumu ya kila siku.

Tuangalie jinsi kazi hiyo inavyofanyika. Bakteria huoteshwa juu ya lishe iliyogandishwa kwa agari, yaani ute unaotolewa katika mwani, jamii ya mimea ya baharini wanayoijua vyema watu wa pwani yetu. Lishe hiyo humiminwa katika sahani ndogo ya kioo yenye kifuniko. Mtaalamu huchukua kidogo cha makohozi, usaha au kinyesi cha mgonjwa, akakipaka juu ya lishe na kuiweka sahani mahali penye joto kama la mwili. Kesho yake kila bakteria aliyepata riziki huwa amezaana hata kuwa kundi lionekanalo kwa macho. (Kiingereza hutumia neno moja kwa utamaduni wa watu na kwa bakteria walioteshwa hivyo, na nimewahi kuona tafsiri iliyozungumzia utamaduni wa bakteria. Kiswahili kimebarikiwa neno bora zaidi: kuotesha.)

Taabu huja kwa kuwa koo la mtu, seuze utumbo wake, ni msitu wenye bakteria wa kila namna. Mpole anayetafutwa hufunikwa na wakorofi waotao upesi, kama mche wa mboga unavyomezwa na magugu. Dawa ya taabu hii ni kutia ndani ya lishe kitu kinachowazuia magugu na kumwacha mche. Lishe ya namna hiyo nitaiita lishe teuzi, kwa kuwa yateua nani aote na nani asiote. Wazo lenyewe halikuanzia kwa Fleming. Mapema katika karne ya ishirini Mwingereza Alfred MacConkey alikwisha kutengeneza lishe yenye chumvi za nyongo. Bakteria waliozoea kuishi utumbumboni huistahimili nyongo, ilhali wengi wa wale wasioizoea hushindwa kuota. Lishe yenye jina la MacConkey ingali ikitumika katika maabara za hospitali hadi leo.

Turudi kwa Fleming. Vita Kuu ya Kwanza vilipozuka alipelekwa Boulogne, Ufaransa, kuhudumia majeruhi. Huko aliona askari wakifa kwa vidonda vilivyooza, na akathibitisha kwa majaribio kwamba dawa kali walizotiliwa ndani ya majeraha ya kina ziliziua chembechembe nyeupe za damu kuliko zilivyowaua bakteria. Tangu hapo akawa akitafuta kitu kitakachomdhuru adui bila kumdhuru mwenyeji. Mwaka 1921 alipata dalili ya kwanza. Kamasi yake mwenyewe, alipoitia katika sahani, iliwayeyusha bakteria wa aina fulani. Kitu kilichofanya hivyo, ambacho kimo pia katika machozi, alikiita lisozimu. Ilikuwa hazina ya elimu, lakini haikuwadhuru viini vya maradhi mazito.

Kabla ya hapo, mwaka 1918, ilikuwa imeingia homa kubwa ya mafua iliyoua mamilioni ya watu duniani kote, Afrika Mashariki ikiwemo. Tangu mwaka 1892 Mjerumani Richard Pfeiffer alikuwa amemtaja basili mmoja mdogo kuwa ndiye chanzo cha maradhi hayo. Madaktari wengi walimsadiki, na idara ya Wright ikataka kumtia basili huyo katika chanjo zake. Lakini alikuwa mgumu kuotesha. Alidai lishe yenye damu, tena damu iliyopashwa moto apendavyo yeye, na hata alipoipata alifunikwa na bakteria wengine wa koo. Mwaka 1919 Fleming alichapisha makala kuhusu lishe rahisi za kumwoteshea. Kwa hiyo tunapomkuta miaka kumi baadaye akishughulika na kijidudu yuyo huyo, tusidhani kuwa ametoka nje ya njia. Hiyo ndiyo iliyokuwa njia yake.

Basi ikafika Septemba 1928. Sahani iliyochafuliwa na kuvu ilikuwa ya stafilokoki, bakteria wa majipu na usaha. Kando ya kuvu stafilokoki walikuwa wameyeyuka. Fleming aliiotesha kuvu ile katika mchuzi wa lishe, akauchuja mchuzi, na kwa miezi kadhaa akawa akiuita kwa jina la kawaida tu, maji ya kuvu. Machi 1929 aliupa jina la penisilini. Neno hilo latokana na neno la Kilatini lenye maana ya brashi ndogo, kwa sababu ndivyo kuvu hiyo inavyoonekana chini ya hadubini.

Alipoujaribu mchuzi huo kwa bakteria mbalimbali aligundua kwamba haukuwa adui wa wote. Stafilokoki, streptokoki na viini vya kichomi walizuiwa. Basili wa Pfeiffer hakujali. Mtu mwingine angalihesabu jambo hilo kuwa kasoro. Fleming, aliyekuwa amehangaika na basili huyo kwa miaka kumi, aliona chujio. Alitandaza matone machache ya penisilini juu ya nusu ya sahani, kisha akapaka mchanganyiko wa viini juu ya sahani nzima. Upande usio na penisilini wale wakorofi walitapakaa. Upande wenye penisilini aliota basili wa influenza, peke yake, safi. Lishe teuzi mpya ilikuwa imezaliwa.

Jaribio la kuifanya penisilini iwe dawa lilikwama upesi. Vijana wawili waliomsaidia, Stuart Craddock na Frederick Ridley, walijitahidi kuisafisha na kuikoleza, lakini iliharibika mikononi mwao. Fleming hakuwa mwanakemia, na baada ya muda tumaini lake la tiba lilififia. Lakini mchuzi wa kuvu uliendelea kutengenezwa pale hospitalini, kwa maana kitengo cha chanjo kiliuhitaji kwa kumtenga basili wake. Mwaka 1932 Fleming aliandika tena kuhusu penisilini, safari hii akiilinganisha na chumvi iitwayo teluriti ya potasiamu, kwa kuwa kila moja huchuja kwa namna yake. Aliigawa kuvu kwa maabara nyingine zilizoitaka. Kwa takriban miaka kumi kitu ambacho kingekuja kuokoa mamilioni kilidumishwa na kazi ndogo isiyo na sifa, kazi ya kusafisha sahani.

Mgala muue na haki umpe. Waliofanya penisilini iwe dawa hawakuwa Fleming. Walikuwa Howard Florey, Ernst Chain, Norman Heatley na wenzao wa Chuo Kikuu cha Oxford. Chain aliisoma makala ya 1929 miaka kama tisa baada ya kuchapishwa, na alipoitafuta kuvu yenyewe akaikuta papo hapo katika jengo lao, kwa kuwa maabara hiyo ilikwisha kuipata kutoka kwa Fleming kwa kazi nyingine. Tarehe 25 Mei 1940 waliwaambukiza panya wanane streptokoki na kuwatibu wanne. Wanne hao walinusurika, na wasiotibiwa wakafa. Mwaka 1941 walimtibu askari polisi Albert Alexander, ambaye alianza kupona. Dawa ikaisha kabla ya maradhi kuisha, naye akafariki. Walikosa kiasi cha kutosha, na lile neno kutosha ndilo nitakalolirudia hivi punde. Mwaka 1945 Fleming, Florey na Chain walitunukiwa kwa pamoja Tuzo ya Nobel.

Sasa nafika kwenye kiini cha hoja yangu. Katika mhadhara alioutoa mwezi wa Desemba mwaka huo wakati wa kupokea tuzo, Fleming hakutosheka na kushukuru. Aliwatahadharisha wasikilizaji kwamba si vigumu kuwafanya bakteria wawe sugu, kwa kuwaweka katika penisilini kidogo isiyotosha kuwaua. Aliwaza siku ambapo dawa hiyo itanunuliwa madukani na yeyote, na akabuni mfano wa mtu anayejitibu koo kwa dozi pungufu, akawafundisha viini vyake kuistahimili dawa, kisha akamwambukiza mkewe, ambaye anakufa kwa kichomi kisichosikia penisilini tena.

Watu wengi wamelisifu onyo hilo kana kwamba ni utabiri. Mimi naona lilitokana na kazi yake ya kila siku. Mtu aliyezitumia sahani teuzi kwa miaka mingi ajua jambo moja kwa macho yake: ukitia dawa mahali penye viini wengi, yule asiyeuawa ndiye atakayerithi shamba zima. Maabarani hilo ni faida, kwa kuwa aliyebaki ndiye anayetafutwa. Mwilini ni msiba. Mgonjwa anayemeza vidonge viwili na kuviacha vingine, au anayemeza antibiotiki kwa mafua ambayo hayatokani na bakteria hata kidogo, amegeuza koo na utumbo wake kuwa lishe teuzi. Dhaifu wamekufa, sugu wamebaki, na nafasi ya kuzaana wanayo. Tofauti iliyopo ni kwamba katika sahani ya Fleming aliyesalia alikuwa kijidudu wa aina nyingine, ilhali mwilini aghalabu husalia wachache wa aina ile ile waliojaliwa kinga.

Ushahidi haukuchelewa. Kufikia mwaka 1948, katika hospitali moja ya London, mtafiti Mary Barber alikuta kwamba zaidi ya nusu ya stafilokoki aliowachunguza walikuwa hawaidhuriki tena na penisilini. Leo tatizo ni la dunia nzima. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba usugu wa bakteria kwa dawa ulisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 katika mwaka 2019, na kwamba mzigo ulikuwa mzito zaidi katika Afrika iliyo kusini mwa Sahara. Nasi hapa kwetu, ni nani asiyemjua jirani anayeingia duka la dawa bila cheti cha daktari, akataka vidonge vya rangi mbili vya shilingi alizo nazo mfukoni? Simlaumu maskini kwa umaskini wake. Nasema tu kwamba viini havitambui sababu ya dozi kupungua.

Dawa ya mambo haya imo pia katika sahani. Fundi wa maabara anayeotesha kinyesi cha mgonjwa wa kuhara katika lishe teuzi ya kipindupindu, au mkojo katika lishe ya MacConkey, huweza kumwambia daktari ni kiini gani hasa kinachomtesa mgonjwa na ni dawa gani ingali ikikiua. Bila hilo daktari hupiga ramli. Hata wazo la Fleming la kutia antibiotiki ndani ya lishe lingali hai: wanaomtafuta basili yuyo huyo siku hizi hutia dawa iitwayo basitrasini katika lishe ya damu iliyopashwa moto, ili wengine wanyamaze naye asikike.

Na basili mwenyewe je? Mwaka 1933 watafiti wa Uingereza walithibitisha kwamba homa ya mafua huletwa na virusi. Pfeiffer alikuwa amemsingizia. Jina la Haemophilus influenzae, lakini, limebaki, nasi wanaisimu twajua kwamba jina likishakaa ni vigumu kulihamisha hata likiwa la uongo. Hakuwa mwema, hata hivyo. Aina yake ya b iliua watoto wengi kwa homa ya uti wa mgongo na kichomi, hadi chanjo yake ilipopatikana. Kenya iliianzisha chanjo hiyo mwaka 2001, na uchunguzi uliofanywa Kilifi ulionyesha maradhi yake yakipungua sana miongoni mwa watoto katika miaka michache tu. Chanjo aliyoitamani Wright dhidi ya basili huyo ilipatikana hatimaye, ijapokuwa kwa maradhi mengine na kwa njia nyingine.

Fleming alifariki London tarehe 11 Machi 1955 kwa ugonjwa wa moyo, akazikwa katika kanisa kuu la St Paul. Kwangu mimi sifa yake kubwa haiko katika bahati ya dirisha wala likizo. Kuvu ilikuwa ikiota katika sahani za wengi. Yeye alikuwa na swali mkononi kwa miaka kumi, na kwa hiyo alipoona kitu kisichomuua kiini aliyemtaka, alijua mara moja cha kukifanyia.

Walimu wa sayansi, nawaomba msiwafundishe watoto kwamba uvumbuzi ni uzembe uliobahatika. Wasimulieni sehemu ya pili ya anwani. Wachoreeni sahani iliyogawanyika nusu kwa nusu, upande mmoja viini tele, upande wa pili kiini kimoja kilichosalia, kisha waulizeni ni kipi kitatokea iwapo sahani hiyo ni mwili wa mtu aliyeacha dawa siku ya pili. Mwanafunzi atakayelijibu swali hilo atakuwa ameielewa penisilini kuliko aliyekariri tarehe zote. Na siku atakapopewa dozi ya siku saba, yamkini ataimaliza.